UZI: Arthur Wharton wa Accra, kipa aliyening'inia mtambaa panya akadaka mpira kwa miguu

Kipa Mstaafu

Wakuu heshima kwenu, na wakubwa zangu shikamooni.

Juzi kijiweni palizuka ubishi: Mwafrika wa kwanza kulipwa kwa kucheza mpira Uingereza ni nani? Mmoja akamtaja Peter Ndlovu wa Coventry, mwingine akaapa ni Yeboah wa Leeds, dogo mmoja wa juzijuzi akasema Drogba. Nikanyamaza mpaka kahawa ikaisha, halafu nikawaambia wote mmechelewa kwa zaidi ya miaka mia. Huyo mtu alianza kulipwa mwaka 1889. Na alikuwa kipa.

Hapo kwenye ukipa ndipo paliponifanya nifungue uzi. Mimi nimekaa golini miaka kumi na moja kwenye mechi za mchangani, nina vidole viwili havikunjiki mpaka leo, kwa hiyo habari za makipa nazisoma tofauti na ninyi mnaofunga magoli.

Jina lake Arthur Wharton. Kazaliwa tarehe 28 Oktoba 1865, Jamestown, Accra, enzi hizo koloni la Gold Coast, leo Ghana. Jamestown ni ule mtaa wa pwani wenye mnara wa taa na ngome kuukuu. Baba yake, Henry Wharton, alikuwa mhubiri wa Kimethodisti kutoka Grenada kule Karibi, mwenye damu ya Kiskoti upande mmoja. Mama yake, Annie Florence Egyriba, alikuwa wa ukoo wa kifalme wa Wafante. Yaani huyu hakuokotwa bandarini akibeba mizigo. Ni mtoto wa nyumba iliyosoma, na alipelekwa Uingereza asomee uhubiri na ualimu: chuo cha Cannock kule Staffordshire kwanza, halafu Cleveland College, Darlington, kaskazini mashariki.

Uhubiri haukumpata. Miguu yake ilikuwa na mipango mingine.

Naandika kwa simu, nitakuwa nashusha vipande vipande. Msiniwahi.

Mla Korosho

Nimetandika mkeka. Shusha mkuu.

Chumvi ya Bahari

Ngoja waje wajuzi. Mimi mpira nilikuwa naujua kuanzia Samatta alipokwenda Aston Villa 2020, kabla ya hapo sina habari.

Kipa Mstaafu

Naendelea. Kabla ya mpira kuna riadha, na bila riadha huwezi kumwelewa huyu mtu.

Tarehe 3 Julai 1886, London, uwanja wa Stamford Bridge. Wale wa Chelsea msianze kelele, klabu yenu ilikuwa haijazaliwa, ilizaliwa 1905. Stamford Bridge ulikuwa uwanja wa mbio. Siku hiyo palikuwa na mashindano ya AAA, chama cha riadha ya ridhaa, na ndiyo yaliyokuwa yanahesabiwa kuwa ubingwa wa nchi. Wharton, umri miaka 20, akakimbia yadi 100 kwa sekunde 10 kamili. Yadi 100 ni mita 91 na ushee. Vitabu vinauhesabu muda ule kuwa rekodi ya dunia ya siku zile. Hakuna vibao vya kuanzia, hakuna kiatu cha kisasa. Mwaka uliofuata, 1887, akarudi akautwaa tena.

Mwaka huohuo wa 1886 Waingereza na Wajerumani walikaa mezani wakagawana bara la Sultani Barghash kwa rula, wakamwachia ukanda wa pwani wa maili kumi. Sina hoja hapo, nimeona tu tarehe zinakaribiana.

Sasa sikilizeni vizuri: mbio za AAA zilikuwa za ridhaa. Ridhaa ya Waingereza wa enzi hizo haikuwa kama yetu ya kukosa mdhamini. Ilikuwa sheria na ilikuwa tabaka. Ukipokea fedha kwenye mchezo mmoja, umejitia doa kwenye mingine yote. Kwa hiyo alipoanza kukaa golini Darlington, alikaa bure.

Fundi Seremala

Mkuu nikukate kidogo. Unasema kulipwa kama vile lilikuwa jambo la ajabu. Kwani wenzake hawakuwa wanalipwa? Mpira si waliuanzisha wao?

Kipa Mstaafu

Swali zuri, fundi. Waliouandikia sheria walikuwa mabwana waliosoma shule za kitajiri. Kwao mpira ni burudani ya mtu ambaye mkate wake hautegemei Jumamosi. Lakini kule Lancashire, kwenye miji ya viwanda vya pamba, mpira uliingia kwa watu wa mashine. Jumamosi mchana kiwanda kikifungwa, watu wanajaa uwanjani na wanalipa kiingilio. Kiingilio kikishakuwepo, kuna mtu atataka mgao wake.

Mfano wenyewe ni wa fundi mwenzako. Fergus Suter, fundi wa kuchonga mawe, Mskoti. Alihamia Darwen mwaka 1878, na baada ya muda mfupi akaacha kuchonga mawe kabisa. Alidai mawe ya Lancashire ni magumu mno. Hahaha! Mji mzima ulijua analishwa na mpira. Baadaye akahamia Blackburn Rovers, wakatwaa Kombe la FA, yaani la chama cha mpira cha Uingereza, mara tatu mfululizo, 1884, 1885 na 1886.

Mwaka 1883 Blackburn Olympic, timu ya wafanyakazi, waliwafunga Old Etonians 2-1 kwenye fainali ya kombe. Tangu siku hiyo mabwana wale hawakulishika tena. Mwaka 1884 Preston North End wakalalamikiwa na Upton Park ya London kwamba wanalipa wachezaji. Bosi wao William Sudell, meneja wa kiwanda cha pamba, badala ya kukana akasema ndiyo tunalipa, na wengine wote wanalipa. Preston wakatolewa mashindanoni. Ila siri ilishamwagika, na klabu za kaskazini zikatishia kuanzisha chama chao. Julai 1885 FA wakasalimu amri, kulipwa kukawa halali.

Halali kwa masharti lakini. Mchezaji wa kulipwa anaandikishwa kila mwaka, haruhusiwi kukaa kwenye kamati yoyote, na ili acheze mechi za kombe lazima awe amezaliwa au ameishi miaka miwili ndani ya maili sita za klabu. Kama vile wanamruhusu mwizi aingie ndani huku wamemshika shati.

Fundi Seremala

Mawe magumu! Nitamjaribu nayo mteja wangu mmoja wa makabati.

Mla Korosho

Na huyo Sudell mwisho wake?

Kipa Mstaafu

Alifungwa 1895. Fedha za kiwanda zilikuwa zinapita upande wa pili, kwenye timu. Akitoka jela akahamia Afrika Kusini. Tusimfuate huko, turudi golini.

Preston walimwona Wharton wakamchukua, msimu wa 1886/87. Wakafika nusu fainali ya Kombe la FA, wakafungwa na West Bromwich Albion 3-1. Na hapa ndipo magazeti yalipoanza. Gazeti moja la michezo la mwaka 1887 liliandika kwamba Preston wakimweka Wharton golini kwenye kombe basi nafasi yao inapungua, kisha likauliza kama kichwa cha huyu mweusi ni kinene kiasi cha kutofahamu kwamba katikati ya milingoti si mahali pa mchezo wa kitoto. Neno walilotumia kwa rangi yake silirudii hapa.

Nililisoma mara tatu. Si lile tusi lililonishika zaidi, matusi yalikuwa ya kawaida kwao. Kilichonishika ni kwamba jambo wanalomlaumu nalo ndilo jambo lililokuwa linawaleta watu kumtazama. Alikuwa anachuchumaa pembeni ya goli kama hayupo, mshambuliaji anaona goli tupu, halafu sekunde ya mwisho anachomoka. Mtu wa sekunde kumi! Unadhani goli lipo wazi kumbe kipa yupo hatua mbili na miguu ya duma. Na ngumi yake ilisifika, mpira aliopiga ngumi ulikwenda mbali.

Kisha 1888 akaondoka Preston. Msimu wa 1888/89, Ligi ya kwanza kabisa duniani, timu 12, Preston wakacheza mechi 22, wakashinda 18, sare 4, hawakupoteza hata moja. Kombe la FA wakalichukua bila kuruhusu goli hata moja, fainali wakawapiga Wolves 3-0. Mpaka leo wanaitwa Wasioshindika. Wharton hayupo kwenye picha.

Mwana Kijenge

Duh. Aliondoka kwenda wapi sasa? Huo ni mkosi.

Kipa Mstaafu

Alikwenda kukimbia kwa fedha. Sheffield enzi hizo ndiyo ilikuwa makao makuu ya mbio za kulipwa. Watu wanawekwa mistari tofauti kulingana na uwezo, mwenye kasi anaanzia nyuma, na kamari inachezwa kwa fujo. Septemba 1888 Wharton akashinda mbio kubwa moja pale. Wengi humlaumu kwamba aliacha utukufu. Mimi nasema ungekuwa na miaka 22, huna mzazi jirani, golini umekaa kwa ridhaa, halafu una miguu inayoweza kukupa fedha taslimu Jumamosi hii hii, ungefanya nini? Wasioshindika hawakujua kama watakuwa Wasioshindika. Sisi tunajua kwa sababu tumeshasoma mwisho.

Niwape langu. Kuna timu nimewahi kuichezea, jina naliacha. Tuliahidiwa posho ya mechi sita. Ya sita ilipoisha tukaambiwa mweka hazina amesafiri. Nikapata kibarua cha kupakia saruji Jumapili, nikaacha timu. Miezi miwili baadaye walipanda daraja. Sijutii, saruji ililipa.

Mjuzi wa Pemba

Assalaam alaykum. Mtoa mada unaandika vizuri lakini naomba nikusahihishe kabla hujafika mbali. Wharton si mchezaji mweusi wa kwanza. Yupo Andrew Watson, kazaliwa 1856 Georgetown, Guiana ya Waingereza. Alikuwa nahodha wa Scotland Machi 1881 walipowafunga England 6-1 palepale London, uwanja wa The Oval. Kaichezea Scotland mara tatu na zote wakashinda: 6-1, 5-1, 5-1. Tusimpokonye mtu haki yake.

Kipa Mstaafu

Waalaykum salaam, sheikh. Upo sahihi na sikusema tofauti. Watson ni mtangulizi, na beki hodari. Ila alikuwa mtu mwenye urithi wake, mpira kwake wa ridhaa. Wapo wanaosema huenda naye alipewa chochote Bootle mwaka 1887, lakini hilo linabishaniwa. Wharton ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza aliyeufanya mpira kuwa kazi: analipwa, anahama, anaachwa, anatafuta timu nyingine. Na ndiye mzaliwa wa Afrika.

Mjuzi wa Pemba

Hapo tumeelewana. Hoja ya "kazi" naikubali. Endelea.

Kipa Mstaafu

Rotherham Town, 1889. Hapa ndipo alipoanza kulipwa kwa ukipa. Mwaka uliofuata akamwoa Emma Lister, binti wa hukohuko. Alikaa Rotherham karibu misimu mitano, na nadhani ndiyo miaka yake mizuri, ingawa hakuna kombe kubwa la kuonyesha. Klabu ilitwaa ubingwa wa Midland League 1892 na 1893, ikaingizwa Ligi daraja la pili 1893. Pembeni alikuwa anaendesha kilabu cha pombe, kazi iliyopendwa sana na wachezaji wa zamani wa Kiingereza. Unauza bia, jina lako ndilo tangazo. Shida ya biashara hiyo ni kwamba muuzaji naye ana koo.

Sasa niwaeleze kazi ya golini ilivyokuwa, maana mnamwona kipa wa leo analindwa na refa kama bibi harusi.

Kipa wa miaka ile alivaa jezi ileile ya wenzake, rangi tofauti ilikuja 1909. Aliruhusiwa kushika mpira kwa mkono mpaka nusu nzima ya uwanja wake, sheria hiyo ilikatwa 1912. Mnaona raha? Subirini. Mshambuliaji naye aliruhusiwa kumpiga kipa kikumbo. Kipa na mpira wake mkononi wanasukumwa wote wavuke mstari, na ni goli. Kwa miaka mingi hata kipa asiye na mpira aligongwa tu, ili asiweze kuufuata. Washambuliaji wawili wanakufuata wewe, wa tatu ndiye anafuata mpira. Na mpira wenyewe ni ngozi iliyoshonwa na kamba, ikinyesha unakunywa maji unakuwa kama tofali. Glovu za kujaza sponji sahau.

Kwa hiyo kipa mwenye ngumi, mwenye mbio na mwenye kujificha pembeni hakuwa anafanya vituko. Alikuwa anaokoa mbavu zake. Ukisimama katikati ya goli kwa heshima kama yule mwandishi alivyotaka, unazikwa.

Halafu kisa chenyewe cha kichwa cha uzi. Mechi ya Rotherham na Sheffield Wednesday, uwanja wa Olive Grove. Washambuliaji watatu wanamjia kwa kasi. Wharton akaruka, akashika mtambaa panya kwa mikono miwili, akaudaka mpira katikati ya miguu yake huku ananing'inia. Wale watatu hawakuwa na pa kujizuia, wakapitiliza mpaka ndani ya wavu.

Bingwa wa Ndondo

Mkuu nimekuvumilia tangu mwanzo ila hii ni CHAI. Tena chai ya rangi yenye tangawizi. Mtambaa panya uko mita mbili na nusu, mpira unakuja kwa kasi, unadaka kwa miguu? Hata kwenye katuni hawathubutu.

Mla Korosho

😂😂😂 Bingwa kaja.

Kipa Mstaafu

Bingwa, tuliza presha. Kisa hiki kilitolewa na mtu aliyesema alikiona kwa macho yake, akaandika barua kwenye gazeti la Sheffield mwaka 1942, na hao washambuliaji watatu akawataja kwa majina. Nakubali zilishapita kama miaka hamsini na kumbukumbu ya mshabiki huongezwa chumvi. Lakini ona ilivyo: mtu haandiki barua nusu karne baadaye, vita vya dunia vinaendelea, kuhusu kipa aliyekufa tayari, kama hakuona kitu kilichomkaa kichwani.

Na kiufundi inawezekana. Ukikaa chini watakugonga. Ukipanda juu kikumbo kinapita hewani.

Bingwa wa Ndondo

Chai. Nitaijaribu mimi mwenyewe kesho jioni uwanjani nikuaibishe.

Binti Makuti

Naomba kuuliza kama mtu asiyejua mpira. Wavu ulikuwepo? Na penalti? Nimesikia vilikuja baadaye.

Kipa Mstaafu

Dada umeuliza kuliko wanaume wote humu. Wavu na penalti vyote viliingia kwenye mpira wa Uingereza 1891. Wavu aliubuni mhandisi wa Liverpool, John Brodie, kwa sababu ya ubishi wa mpira umepita ndani au nje. Na penalti, shikeni hapo, aliibuni KIPA. William McCrum wa Milford, Ireland. Alichoshwa na wachezaji kuvunjana miguu karibu na goli. Mabwana wa ridhaa wakachukia wakasema ni matusi, kwani muungwana hafanyi rafu makusudi. Mwanzoni kipa aliruhusiwa kutoka yadi sita kumfuata mpigaji. Kwa mwenye mbio kama Wharton hiyo ilikuwa zawadi.

Mwana Kijenge

Hivi alishawahi kucheza ligi kuu au ni huko huko madaraja ya chini?

Kipa Mstaafu

Alicheza, na ndiyo sehemu inayoniuma.

1894 Sheffield United wakamsajili. Wakati huohuo wakamsajili kijana wa miaka 20 aliyetoka mgodi wa makaa ya mawe wa Blackwell, William Foulke. Wengi mnaijua picha yake bila kujua jina: yule kipa jitu, mrefu kuliko wote, ambaye miaka ya mwisho alinenepa hadi kilo zaidi ya 130. Wharton ana miaka 29, kijana ni mlima. Nani atakaa benchi? Na benchi lenyewe halikuwepo, hakukuwa na kubadilisha wachezaji. Ukiwa kipa wa pili, Jumamosi unavaa nguo zako za kawaida unatazama.

Alipata mechi moja ya ligi kuu. Februari 1895, dhidi ya Sunderland, ambao msimu huo ndio waliokuja kuwa mabingwa. Wakafungwa 2-0. Basi. Mtu mweusi wa kwanza kucheza daraja la juu la Uingereza, dakika tisini, zimekwisha. Foulke akaendelea: ubingwa wa ligi 1898, Kombe la FA 1899 na 1902, mechi moja ya timu ya taifa.

Wharton akarudi Rotherham, kisha Stalybridge Rovers, kisha Ashton North End. Ashton wakafilisika 1899. Akarudi Stalybridge, akamalizia Stockport County, daraja la pili, msimu wa 1901/02. Mechi chache, akiwa na miaka 36. Ukihesabu klabu hizo unaona ramani ya mtu anayetafuta mshahara wa msimu ujao. Kufikia hapo klabu zilishajifunza: tangu 1893 mchezaji hawezi kuhama bila klabu yake kukubali hata mkataba ukiisha, na mwaka 1901 wakaweka kikomo cha mshahara, pauni 4 kwa wiki, uwe nyota uwe gogo.

Mjuzi wa Pemba

Pauni 4 hizo zilikuwa nyingi kuliko za mfanyakazi wa kiwandani, tusisahau.

Kipa Mstaafu

Kweli kabisa. Tena wengi hawakuzifikia hizo nne. Ila mfanyakazi wa kiwandani akifika miaka 36 bado ana kazi.

Wharton alikwenda mgodini. Yorkshire Main, Edlington, karibu na Doncaster. Kazi yake ilikuwa ya kuhamisha makaa kwa vigari. Foulke alitoka mgodini akaingia golini, Wharton alitoka golini akaingia mgodini. Pombe nayo inatajwa sana kwenye habari zake, na sitaificha. Alifariki tarehe 13 Desemba 1930, hospitali ya Springwell, Doncaster, miaka 65, kansa na kaswende vimemmaliza. Akazikwa Edlington kwenye kaburi la maskini, halina jiwe wala jina.

Chumvi ya Bahari

Dah. Wazungu wale walimtumia kama ndimu.

Kipa Mstaafu

Chumvi, siwezi kukupinga moja kwa moja, lakini usimfanye ndimu. Jim Trainer aliyekaa golini kwa Wasioshindika alikuwa mweupe, na Suter, na Foulke, wote waliishi kwa mkataba wa msimu mmoja mmoja. Tofauti ni kwamba Wharton mechi mbaya moja ilikuwa inaandikwa kwa rangi yake, na ya Trainer iliandikwa kwa mikono yake. Hiyo mizani aliibeba miaka kumi na saba, na bado kila alipoachwa kulikuwa na klabu nyingine inamtaka. Ndimu haifanyi hivyo.

Binti Makuti

Kaburi bado halina jina?

Kipa Mstaafu

Lina, dada. Kundi moja la Sheffield linalopiga vita ubaguzi mpirani lilichangisha, jiwe likawekwa 1997, miaka 67 baada ya kuzikwa. Mwaka 2003 akaingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa soka la Uingereza. Mwaka 2014 wakamsimamishia sanamu St George's Park, kituo cha mazoezi cha timu ya taifa yao. Sanamu inamwonyesha yuko hewani, amejinyoosha, vidole vinausukuma mpira. Hawakumwonyesha amechuchumaa pembeni. Wangeniuliza mimi ningewashauri.

Mtu wa Sheffield

Nipo huku mwaka wa nane, nafanya kazi ya usiku. Napita Doncaster mara mbili kwa wiki na sikuwahi kujua. Jumamosi nikipata nafasi nitakwenda Edlington. Nipeleke nini?

Kipa Mstaafu

Kaka, futa tu vumbi kwenye jina. Na utuletee picha.

Fundi Seremala

Bingwa wa Ndondo yuko wapi? Alisema jana jioni anakwenda kuthibitisha chai.

Mla Korosho

Nilikuwepo uwanjani. Namwachia aseme mwenyewe.

Bingwa wa Ndondo

Nimekuja. Naomba msicheke.

Mara ya kwanza nilikosa mtambaa panya nikaanguka kwa mgongo. Mara ya pili nilishika, mpira ukanipiga tumboni. Mara ya tatu watoto walipiga shuti la chini chini, nikaruka, nikashika. Tatizo ni kwamba goli letu mtambaa panya ni bomba la maji la inchi mbili, na mimi nina kilo 94. Bomba limepinda katikati kama upinde. Kocha wa watoto ananidai bomba jipya na nauli ya kulibeba. Jumapili kuna mechi.

Kipa Mstaafu

Pole sana Bingwa. Bomba tutachanga humu. Ila ile ya tatu, mpira ulidaka?

Bingwa wa Ndondo

Nilidaka.